Opareta na Waifai ya Ploti Yetu

Opareta hakuwahi kusema kwamba simu imekufa. Wanaokufa ni watu, alisema, simu haijibu. Wala hakukubali kuambiwa kwamba mtandao umepotea, maana kinachopotea ni ngamia, na ngamia mtu humfuata kwa miguu mpaka ampate. Ukimwambia mtandao umepotea alikuuliza, "Umetoka kuutafuta?" Nami, mwalimu wa kompyuta mwenye cheti kilichotiwa kioo na kutundikwa sebuleni, nilicheka na kurudi kitini.

Nimekitaja cheti mapema ili ijulikane ni nani anayesimulia. Habari hizi ni zake, lakini sijapata namna ya kumchora bila mimi kuonekana nyuma yake na bisibisi mkononi, nikifungua kitu kisichohitaji kufunguliwa.

Tuliishi ploti moja mjini Garissa: nyumba nne za mawe zilizotazamana, ua katikati, na tangi kubwa la maji, la chuma, lililosimama kati ya mlango wangu na wake. Mimi nilikuwa nimetoka Mwingi kuja kufundisha. Mke wangu alikuwa nesi, na binti yetu alikuwa kidato cha tatu, akienda shule asubuhi na kurudi jioni. Opareta tulimkuta hapo. Alikuwa amestaafu kazi ya kuunganisha simu, kazi ya zamani zile ambapo mtu wa Garissa akitaka kuongea na mtu wa Mandera alikwenda kaunta, akataja namba, kisha akakaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Mwenye kumwita alikuwa yeye. Mji mzima ulimjua kwa jina la Opareta, hata watoto waliozaliwa simu zikiwa zimeshaingia mifukoni. Mimi nilimwita Eedo, shangazi, kwa kuwa niliambiwa ndivyo mtu mwenye adabu humwita mwanamke wa umri wake. Yeye aliniita mwalimu, na alilitamka neno hilo kwa namna iliyonifanya nijihisi nimeitwa ubaoni.

Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kilichonyooka, ila p yake ilitoka b, na v ikatoka f. "Bole bole, mwalimu," aliniambia. "Sema fizuri." Siku za mwanzo nilitabasamu. Niliacha kutabasamu siku nilipomsalimu kwa Kisomali, sentensi niliyoikariri wiki nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akanijulisha kwamba nimemuuliza kama ameshakamuliwa. Kufikia adhuhuri ploti nzima ilikuwa na habari, na jirani wa nyumba ya tatu alinisalimu kwa kulia kama mbuzi.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo nisiloweza kulielewa kwake. Mambo madogo hayakukaa kinywani mwake hata saa moja. Alijua nani amepika nini, nani ameunguza, nani amenunua pazia jipya, na aliyatangaza. Lakini mambo makubwa, yale aliyoyasikia kwa miaka yote aliyovaa vile vifaa vya masikioni, hayakuwahi kutoka. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walipita mbele yake wakiinamisha macho kidogo. Alijua nani alimlilia nani kwenye simu, nani alidanganya yuko safarini. Mke wangu alijaribu kumchokoza mara moja, akitaja mzee fulani mwenye heshima zake. Opareta akamtazama, akasema, "Nilikula kiabo." Kisha akauliza kama vitunguu vyetu vimeungua.

Sikio lake lilinitisha. Nilikuwa nikisema tu "asalaam aleikum" uani, naye akajibu na kuongeza, "Mama amekukasirikia tena?" Aliwahi kumwambia mke wangu kwamba nina mafua siku moja kabla mimi mwenyewe sijayajua.

Waifai niliileta mimi. Hakuna aliyeniomba. Niliwaita majirani, nikaeleza kwamba mtaalamu yupo hapa hapa, kwamba tukiungana tutakuwa na mtandao wa kasi kuliko ofisi nyingi za serikali, na kwamba hitilafu ikitokea nitaishughulikia kabla chai haijapoa. Mtu akinikumbusha ahadi hiyo ya chai hadi leo huwa natoka chumbani.

Kisanduku, yaani ruta, nilikiweka juu ya friji nyumbani kwangu. Nyumbani kwa Opareta mtandao ulifika kwa shida.

"Kuna tangi," alisema.

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayeongea na mgeni wa mambo, kwamba mawimbi hayaonekani, hupita ukutani, hupita mlangoni.

"Kwa mawe, sawa," alisema. "Chuma imejaa maji, habana. Enda usimame nyuma ya tangi uone kama jua linakubata."

Ilinichukua miezi miwili kuhamishia ruta kwenye dirisha la upande wa pili, na nilipofanya hivyo nilimwambia kwamba nimefanya marekebisho ya kitaalamu. "Umetoka nyuma ya tangi," alisema, akaenda zake.

Sitaki ionekane kwamba hakukosea kamwe. Aliamini kwamba mitambo yote duniani hunyamazishwa na vumbi, na Garissa ina vumbi la kutosha kuthibitisha imani yoyote. Jumamosi moja aliingia kwetu na kitambaa alichokichovya kwenye ndoo, akaisugua ruta mpaka matundu yake yakalia chwi. Moshi mdogo ulipanda, ukanuka plastiki. "Ilikuwa na fumbi sana," alisema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kuhusu kisa hicho. Wiki iliyofuata mpwa wake alileta ruta nyingine.

Wala sikuwa na haki ya kumcheka, maana mimi ndiye niliyekata mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaukunja kama sahani, nikapanda juu ya bati saa saba mchana ili kuuelekeza mtandao upande wake. Anayeijua Garissa saa saba mchana anajua bati linakuwaje. Niliungua goti na kiganja, nikakwama huko nikishindwa kukanyaga popote, huku korongo wawili wakubwa, wale wenye vipara, wakinisogelea hatua kwa hatua kama watu wanaongoja foleni. Mke wangu alinishusha kwa ngazi ya jirani. Mtandao haukubadilika hata kidogo. Opareta alileta maziwa ya ngamia nipake gotini, kisha akakaa mbele yangu. "Wewe," alisema, "unafanya kazi kabla ya kuuliza."

Kuuliza ndiyo iliyokuwa kazi yake. Simu ilipokataa zamani, alinieleza, hakugusa waya wowote mpaka aulize: nani hasikiki, anasikika na nani mwingine, tangu lini, saa ngapi. Nilimsikiliza kama ninavyowasikiliza watu wanaonieleza jinsi walivyopika bila gesi.

Yeye mwenyewe alikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa kabambe ya vibonyezo, ya kuongea na watu wa hapa. Nyingine ilikuwa kubwa, ya kioo, isiyo na laini ndani yake. Ilitegemea waifai ya ploti tu, na ilikuwa na kazi moja duniani: kila jioni saa moja, baada ya swala ya magharibi, mdogo wake wa kike alimpigia kutoka Amerika, ambako wakati huo kulikuwa mchana na yeye alikuwa kwenye mapumziko mafupi ya kazini. Ilikuwa simu ya picha, lakini Opareta aliibandika sikioni, kwa hiyo kwa mwaka mzima dada yule hakuona chochote ila sikio na pindo la shela. Opareta alianza kila mara kwa swali lile lile, kwa sauti iliyofika barabarani: "Unanisikia fipi?" Halafu akashusha sauti, na tusisikie tena. Tulichojua ni kwamba wawili hao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka ishirini bila kusemezana, na kwamba aliyepiga kwanza alikuwa mdogo.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo ningependa kulipita.

Binti yangu alileta ripoti ya shule iliyonifanya niikunje na kuificha kabla mama yake hajaiona. Simu, niliwaza. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, mahali ambapo vifaa vyote vya ploti vimeorodheshwa, nikatafuta simu yake, nikaiwekea amri: kila siku, saa moja hadi saa tatu jioni, mtandao usiifikie. Orodha ilikuwa na simu mbili za aina moja, zenye jina lile lile. Nikachagua ya kwanza. Sikujiuliza ya pili ni ya nani. Usiku huo nilimwambia mke wangu, "Nimelimaliza," nami nililala kama mtu aliyejenga daraja.

Nilishangazwa na utulivu wa binti yangu. Alikwenda chumbani kila saa moja na vitabu vyake, akafunga mlango, na hakulalamika hata mara moja. Nilimsifu mezani kwa ukomavu huo. Alinishukuru.

Jioni ya kwanza Opareta alibisha. "Mwalimu, haijibu."

Nilitoa simu yangu mfukoni bila kuinuka, nikafungua ukurasa. "Mbona yangu iko sawa, Eedo?"

"Sijauliza yako."

"Ni joto," nikamwambia. "Leo mitambo yote imechemka. Itapoa."

Ilipoa saa tatu. Kufikia saa hiyo mdogo wake alikuwa amerudi kazini, na simu yake imefungiwa kabatini huko. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Nilisema ni joto, nikasema ni upepo, nikasema ni waliochimba barabara wakakata waya. Nikasema simu yake ni ya zamani, ingawa nilikuwa nimemnunulia binti yangu kama hiyo hiyo mwezi uliotangulia. Nilipiga simu kwa kampuni ya mtandao nikamkaripia msichana aliyepokea kwa nusu saa, naye akarudia kwa adabu kwamba kwao kila kitu kinaonekana sawa. Nilimwambia asinifundishe kazi.

Nilimshauri Opareta aache ujumbe wa sauti. Alikataa. Hakuweza kuongea na mtu asiyekuwepo, wala kumpigia aliye kazini, alisema. Alikuwa ameunganisha watu maisha yake yote, na kila waya ulikuwa na mtu huku na mtu kule. Siku ya kumi hata alama za simu za Amerika zilizokosekana, ambazo zilionekana mtandao uliporudi saa tatu, zikakoma kabisa. Nililiona jambo hilo kuwa nafuu, maana sasa hakubisha sana. Nasikia aibu kuliandika.

Jioni ya kumi na saba aliingia bila kubisha, akiwa na daftari la shule na penseli iliyofungwa uzi.

"Kaa," aliniambia. Nilikuwa nimekaa tayari, nikakaa zaidi.

Alifungua daftari. Kila ukurasa ulikuwa siku moja: saa, jina la mtu, anasikia vipi. Alikuwa amezunguka ploti nzima kila jioni akiwauliza, na mimi nilidhani anaenda kuuliza habari za vyungu.

"Siku ya joto sana, saa moja, yangu haijibu," alisoma. "Siku ya mfua, saa moja, haijibu. Siku stima imerudi jioni, saa moja, haijibu. Saa tatu, inajibu. Kila siku saa tatu." Akazifunika kurasa kwa kiganja. "Joto haina saa, mwalimu. Ubebo haina saa. Mtu ndiye ana saa."

"Labda kampuni..."

"Soma huyu."

Alinionyesha mstari. Ulikuwa wa binti yangu. Saa moja na nusu: anasikia vizuri sana. Kesho yake, saa moja na nusu: anasikia vizuri sana, anacheka.

Nilichukua kompyuta nikafungua ile orodha. Simu mbili, jina moja. Nikaiona amri yangu imekaa pale, safi, bila kosa la tahajia, imeshikilia simu isiyo ya binti yangu. Kwa muda nilifikiria kuifuta kimya kimya na kutangaza kwamba nimepata hitilafu ya kitaalamu. Kidole changu kilikuwa kimeshafika.

"Umebata," alisema kutoka kitini kwake. "Nimesikia umeacha kubumua."

Nikamwambia yote. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Binti yangu alitoka chumbani, akaona nyuso zetu, akarudi chumbani.

Opareta hakunipigia kelele. Alilifunga daftari, akazungusha uzi wa penseli kwenye kidole kizima, akafungua, akazungusha tena. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeadhibiwa na wewe," alisema, "kwa hesabu ya mtoto wako." Halafu akaniuliza, "Na yule msichana wa kambuni alikosea nini?"

"Hakukosea, Eedo."

"Mbigie."

Nilimtafuta msichana yule kwa siku mbili. Nilipompata nikamwomba msamaha, Opareta akiwa ameegemea mlango, akisikiliza kama ninatamka maneno yote mpaka mwisho.

Lakini dada hakupokea. Jioni ile ile ya daftari, amri ikiwa imefutwa, tulimpigia saa moja kamili. Iliita mpaka ikachoka. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa ikakatwa. Opareta hakutaka kukaa peke yake na simu ile, akaja kukaa kwetu karibu na ruta, na siku ya tatu, tukiwa tunatazama vitaa vya kijani vikipepesa, alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mwingine.

Zamani laini ya Mandera ilikuwa dhaifu. Siku nyingine watu wawili hawakusikiana kabisa, na opareta aliyekaa katikati aliwasikia wote wawili. Basi ikabidi awe mdomo wao: huyu akisema, yeye anarudia kwa yule, yule akijibu, anarudia kwa huyu. Mchana mmoja aliyekuja kaunta alikuwa mume wa mdogo wake. Alitaka Mandera. Laini ikagoma. Shemeji yake hakujua ni nani aliyekuwa upande wa pili wa kioo siku hiyo, wala kwa mikwaruzo ya laini hakuitambua sauti.

"Alikuwa anabanga harusi," Opareta alisema. "Mke wa bili, huko. Mimi ndiye nilisema. Kwa mdomo yangu. Nikasema, anauliza kama ni Ijumaa. Nikasema, ndiyo, Ijumaa. Nikasema, anauliza kama yule wa Garissa anajua. Nikasema, hajui, asiambiwe."

"Na hukumwambia?"

"Jioni nilikula kwake. Alinibikia."

Mdogo wake alijua baada ya mwaka, kwa watu wengine, na akajua pia ni nani aliyekuwa kazini mchana ule. Alikuja mlangoni akasema neno moja tu: ulijua. Baadaye akaondoka nchini, na miaka ikapita.

"Sikukosea," Opareta alisema, akiitazama ruta wala si mimi. "Nilikula kiabo. Ningesema yake, ningesema ya watu wote."

Nilikuwa nimeelewa nilichofanya. Kwa siku tisa dada yule alipiga saa ile ile akakuta kimya, na kwake kimya cha Opareta kilikuwa na maana moja tu.

Siku ya nne niliandika ujumbe kwa Kiswahili, mrefu, wa kujidhalilisha, nikimweleza dada kwamba mimi ni jirani, kwamba kosa ni langu, na kwamba ninaomba dakika tatu. Saa moja ikaita. Opareta alinisukumia simu kama kitu cha moto.

Usoni pa kioo alitokea mwanamke mwenye kofia ya kazi ya jikoni. Kiswahili chake kilikuwa kimekaa miaka mingi bila kutumiwa.

"Wewe ndiyo mtu ya waifai?"

"Ndiyo, Eedo."

"Sema."

Nilisema. Nilieleza ruta, orodha, binti, simu mbili za jina moja. Nilipofika kwenye ripoti ya shule alinikatiza.

"Yeye alikuwa nabiga? Siku zote hiyo, alikuwa nabiga?"

Nilinyoosha mkono, na Opareta, bila kuuliza, akanipa daftari. Nikamsomea. Jumatatu, saa moja na dakika moja, haijibu. Saa moja na dakika nne, haijibu. Saa moja na dakika tisa. Jumanne, saa moja kamili. Nilisoma kurasa zote kumi na sita, kila jaribio, na kulikuwa na jioni alizojaribu mara ishirini na zaidi. Mke wangu alikwenda kuzima jiko asirudi. Nilipomaliza, mwanamke wa kofia alikuwa amegeuza uso pembeni, na nyuma yake niliona masufuria makubwa yakining'inia, na mtu aliyemwita kwa Kiingereza, naye hakumjibu.

Halafu akaniuliza, "Wewe ni mwalimu ya nini?"

"Ya kompyuta."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na dada yake huku naye akaanza, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na mimi katikati yao nimeshika simu. Sijawahi kuchekwa na watu wawili kutoka mabara mawili kwa wakati mmoja. Kisha Opareta alininyang'anya simu, akaibandika sikioni, akatoka nayo uani akipita nyuma ya tangi, na jambo la ajabu ni kwamba haikukatika.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Buna, mbali zaidi kaskazini. Familia ilirudi Mwingi, nami nikajifunza kupanda kilima na simu mkononi kuutafuta mtandao, kama kila mtu mwingine wa huko. Cheti nilikiacha kwenye sanduku.

Nilimwona tena Opareta likizo ya juzi nilipopitia Garissa. Kwenye ploti niliambiwa ameenda soko la mifugo, nikamfuata. Nilimkuta katikati ya vumbi na kelele akiwa amemshika mbuzi dume sikio, akibishana na muuzaji. Nilimwita mara mbili hakugeuka. Mara ya tatu nikazunguka mbele yake. Alifurahi sana, kisha akanigeuzia upande wa kushoto wa kichwa.

"Ongea huku," alisema. "Ile nyingine imezeeka."

Mbuzi alikuwa wa kumpokelea mgeni. Mdogo wake alikuwa ameacha kazi, magoti yamemchosha, na alikuwa njiani. Alikuwa ameshafika Nairobi. Kesho kutwa angepanda basi la asubuhi.

Tulipakia mbuzi kwenye tuk-tuk kati yetu, miguu imefungwa, kichwa kikiwa pajani kwangu. Opareta alinieleza chumba alichokitayarisha, godoro, pazia, wanawake watakaokuja kupika. Alieleza sana. Tulipopita ofisi za kaunti akaanza kuzikaza upya kamba za miguu ya mbuzi.

"Mwalimu," akasema.

"Naam, Eedo."

"Kwa simu ni rahisi. Unasema, unanisikia? Halafu mambo inaendelea yenyewe." Alimshika mbuzi pembe, akaiachia. "Sasa atashuka kwa basi. Atasimama habo. Mimi nitasimama habo. Nitasema nini ya kwanza?"

Nilifikiria kila kitu kibaya kwanza. Nilisema anaweza kusoma dua. Nilisema anaweza kumkumbatia tu asiseme. Alinitazama kwa subira ile ya zamani, kama mtu anayengoja laini ya Mandera. Tuk-tuk iliruka shimo, mbuzi akalia, nikamkamata asianguke.

"Mwambie pole," nikasema.

Uso wake ulijifunga. "Bole ya nini?"

"Ya safari, Eedo. Ametoka mbali. Mtu akitoka mbali anaambiwa pole."

Alitazama nje, upande wa barabara. Midomo yake ilisogea mara moja bila sauti, ikasogea tena.

"Bole ya safari," alisema, polepole, akijaribu. Kisha akaketi vizuri, akajifunga shela upya. "Haye. Hiyo naweza."